Begi la mtumba la Memorial, lita 65: nimelizungusha Asia, sasa nalisema

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnaondoka. Ndiyo, begi la mtumba kutoka Memorial, soko letu la mitumba Moshi, linatosha kukutoa Moshi, likakuzungusha Asia miezi na miezi, likakurudisha. Sharti ni moja: lipite kwa fundi kabla halijapita uwanja wa ndege. Ukilichukua kama lilivyotoka kwenye belo, litakuaibisha mbele za watu.

Mliobaki tuendelee. Mimi ni mgumu. Kwa wasio wa huku, wagumu ni sisi tunaopandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro, na kabla sijawa mwongozaji msaidizi nimebeba mabegi ya kila taifa, kichwani na mabegani, Machame, Marangu, Rongai. Nikilisema begi, nalisema kama mpishi anavyoisema sufuria. Wengi wanaosifia mabegi mtandaoni wameyajaza mito na kuzunguka nayo sebuleni. Hili mimi nimelipeleka India, Nepal na Kambodia, nikijitolea mashambani India na Kambodia, na limerudi na uchafu wa nchi zote tatu.

Tuanze na lenyewe. Ni la mlimani, lita 65, kijivu na mistari ya rangi ya chungwa. Kampuni siijui, nembo ilishang'olewa ikabaki alama ya gundi. Ila ndani ya kifuniko kuna kitambaa cheupe chenye michoro: mtu ameinua mikono miwili, maana yake anahitaji msaada, mwingine ameinua mmoja ameshusha mmoja, maana yake hahitaji. Chini yake kuna maelekezo ya ishara sita ndani ya dakika moja, unatulia dakika moja, unarudia. Hizo ni ishara za dharura za milima ya Alps. Nikajua hapa hakuna begi la kwendea shule.

Mabegi ya namna hii Moshi yana njia mbili za kufika sokoni. Moja ni belo za mitumba kama nguo nyingine. Ya pili ni sisi wenyewe: mgeni anashuka mlimani, amechoka, anamwachia mgumu begi au viatu juu ya tipu, na mgumu mwenye ada ya mtoto haoni faida ya kukaa na begi ndani. Ndiyo maana Memorial unaweza kukuta kitu ambacho Ulaya ni mshahara wa mtu, kimelala katikati ya mikoba ya plastiki. Lililoning'inia pembeni yake lilikuwa na kitambaa kizuri zaidi, lakini nililiacha, na nitasema kwa nini.

Dada aliyekuwa anauza alianza na elfu themanini.

“Kaka, hilo gredi ya kwanza. Zipu zote nzima, jaribu mwenyewe.”

“Dada yangu, mkanda wa kiunoni hauna klipu.”

“Klipu si unaweka? Wewe chukua, hutarudi kunilalamikia.”

Tulimalizana kwa elfu arobaini na tano. Klipu moja ilinishushia bei yote hiyo. Kabla hujaanza kubishana bei Memorial, tafuta kwanza kilichokufa, halafu jiulize kama fundi anakiweza. Klipu, mkanda, zipu iliyokwama, hivyo vyote anaviweza. Asichokiweza ni utando wa ndani. Geuza begi nje ndani, uukwaruze kwa kucha. Mabegi haya hupakwa ndani utando wa kuzuia maji, na ukizeeka kwa unyevu unaanza kunata, unabanduka magamba, unatoa harufu ya kitu kilichochacha. Hapo hakuna dawa, na nguo zako zote zitabeba harufu hiyo. Lile jirani lililokuwa zuri kwa nje, ndani lilinata. Ndiyo sababu.

Halafu pima mgongo, hasa akina dada, maana mnauziwa mabegi ya majitu. Kipimo ni kutoka mfupa unaojitokeza shingoni ukiinama, mpaka usawa wa juu ya nyonga. Begi lenye ngazi ya kupandisha na kushusha mikanda ya mabega linamfaa yeyote. Lisilo nayo, lijaribu na mzigo humo humo sokoni. Waombe wakuwekee viatu ndani. Ukifunga mkanda wa kiunoni vizuri, uzito uende kwenye nyonga, mabega yabaki yanaongoza tu. Sisi wagumu hatukulelewa hivyo, sisi ni kichwa na shingo, lakini kwa safari ya miezi nyonga ndiyo inayolipa.

Fundi wangu ni fundi viatu, anakaa barazani si mbali na stendi. Nawashauri fundi viatu kuliko fundi cherehani, kwa sababu ana msharasi na uzi wa nailoni, na amezoea kushona kitu kinachovutwa kila siku. Alitoa klipu kwenye begi lililokufa, akaongeza sponji kwenye mkanda wa kiunoni, akapiga mshono wa pili kila mahali ambapo mkanda unaingia mwilini mwa begi. Halafu nikamwagiza kazi ambayo mimi sijaiona kwenye begi la kampuni yoyote ya Ulaya: mfuko wa siri wa turubai la lori, upande wa mgongoni, unaofunguliwa kwa ndani tu, upana wa karatasi ya A4.

“Unaweka nini humo, hela?”

“Karatasi, mzee wangu.”

Akacheka. Lakini huo mfuko ndio nusu ya mapitio haya.

Mwenzetu mwenye pasipoti ya Ujerumani anaponunua begi, anawaza lita ngapi na rangi gani. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania, anza kuwaza karatasi zitakaa wapi. Begi langu halikuulizwa uzito mara nyingi kama nilivyoulizwa karatasi. Mle ndani kulikuwa na nakala ya pasipoti, viza ya India ya mtandaoni iliyochapishwa, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tiketi ya kutoka, barua ya mwenyeji, taarifa ya benki, na picha ndogo za pasipoti nyingi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuhitaji. Zote kavu, hazijakunjwa, na mkono unazifikia bila kumwaga soksi mbele ya afisa.

Hiyo kadi ya manjano msiichezee. Chanjo inahesabika halali baada ya siku 10, kwa hiyo usiichome usiku wa kuamkia safari. Ukishachomwa imetosha, tangu 2016 cheti kinatambulika maisha yako yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Mumbai waliitaka kabla ya kitu kingine chochote. Waliokuwa hawana walikuwa wamekalishwa pembeni kwenye viti vya plastiki, na sura zao sikuzipenda.

Nilikwenda na Air Tanzania kutoka Dar, ndege ya moja kwa moja ya Mumbai, njia waliyoianza 2019. Begi la mgongoni lenye mikanda mingi likipita kwenye mashine za uwanja wa ndege linanasa, linarudi na mkono mmoja. Wageni hununua mfuko maalumu wa kulifunikia. Mimi nililitumbukiza kwenye kiroba cha sandarusi, fundi akakishonea zipu ya mtumba mdomoni, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko chai na chapati mbili. Kiroba hicho hicho baadaye kikawa mkeka wa kukalia stesheni, mfuko wa nguo chafu, na kinga dhidi ya ng'ombe wa India, ambao hawaogopi kitu wala mtu.

Afisa aliniuliza nimekuja kufanya nini. Hapa ndipo msafiri wa kujitolea anapojikwaa, kwa hiyo sikilizeni. Viza ya mtandaoni ya India inaruhusu kazi ya kujitolea ya muda mfupi, isiyozidi mwezi mmoja, bila malipo ya aina yoyote. Kwa hiyo nilisema ukweli na nikatoa barua. Nepal ni kinyume: viza ya mtalii hairuhusu kujitolea, hata kama hulipwi senti. Na tusijifanye tunashangaa, kwa sababu hata hapa kwetu mzungu anayekuja kujitolea anatakiwa kibali cha ukaazi daraja C, na sote Moshi tunawajua walioingia kwa viza ya utalii wakajikuta wanafundisha hesabu darasa la nne. Uliza nchi kwa nchi. Usiamini mtu anayekwambia “wote hufanya hivyo”, kwa sababu huyo aliyekwambia akirudishwa, ubalozi wake unapiga simu. Wewe wako nani?

Kutoka Mumbai mpaka Chennai kwa treni ni kama siku nzima na usiku wake. Chini ya vitanda vya treni kuna pete za chuma, na kwenye majukwaa wachuuzi wanauza minyororo na kufuli. Hapo ndipo utajua kama begi lako lina kishikio cha juu kilichoshonwa kwa dhati. Langu lilifungwa mnyororo kwenye kishikio hicho, nikalala. Hii ni sababu moja ya kukataa mabegi ya wanafunzi: kishikio chao ni cha kulitundikia ukutani tu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa jirani na Auroville, Tamil Nadu, karibu na Puducherry. Auroville ni mji ulioanzishwa 1968 na watu kutoka mataifa mengi, kwenye uwanda wa udongo mwekundu ambao mvua ilishauosha mpaka kubaki mifereji mitupu. Waliouanza walichimba makinga maji na kupanda miti, na leo sehemu kubwa ni msitu. Mradi nilioingia mimi ulikuwa bado unachimba. Tulianza kabla jua halijatoka, sururu na majembe, tunakata mitaro inayofuata mwinuko ili maji ya mvua yasimame yazame. Mtoto wa Uchaggani aliyekua anazibua mifongo, mifereji ya maji ya babu yake, hapo hafundishwi jambo. Vijana wawili wa Ulaya walikuwa na mabegi ya bei ya kutisha na hawakuwa na gambuti. Mimi zangu zilikuwemo, chini kabisa, kwenye chumba cha chini chenye zipu yake. Ndiyo maana nilitaka lita 65. Wanaosema lita 40 zinatosha wanasema kweli kwa mtu anayekwenda kupiga picha. Anayekwenda kushika sururu ana nguo za kazi, gambuti, glovu na taa ya kichwani, na hivyo vyote havikunjiki vizuri.

Mvumbuzi wa chumba kile cha chini apewe soda. Kimetengwa na chumba cha juu kwa kitambaa, unaweza kutia matope huku na shati la kwendea ubalozini kule, na visikutane. Kwenye kibanda cha makuti tulichokuwa tunalala mchwa walikuwa wanakula chochote kinachogusa ardhi, kwa hiyo begi lililala limening'inia kwenye boriti.

Niseme na chakula, ingawa begi halihusiki. Siku ya kwanza tuliletewa uji mzito wa kahawia. Nikaonja. Ulezi! Wao wanauita ragi, wanaula asubuhi, wanaula wamefanya donge na mchuzi wa dengu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kuutia ndizi na kuufanya pombe. Nilijaribu kuwaeleza mbege. Mpishi, mama mmoja Mtamil, alinitazama kwa huruma. Ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ulivuka bahari maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo aliyekuwa ugenini pale ni mimi, ulezi ulishapata uraia. Na mjue kujitolea si bure: sehemu nyingi unachangia chakula kidogo kwa siku. Ni haki. Shamba linalokulisha bila kukudai kitu na bado lina watu ishirini wa kujitolea, uliza hiyo hela inatoka wapi.

Nepal nitasema upande wa mzigo tu, kwa sababu huko sikujitolea, nilikwenda kutazama wenzangu wanavyofanya kazi. Unapanda treni mpaka Gorakhpur, basi mpaka Sunauli, unavuka lango kwa miguu, unasogeza saa mbele dakika 15 (ndiyo, kumi na tano), unalipa dola 50 za viza ya siku 30. Afisa alifungua pasipoti, akaniuliza Tanzania iko wapi. Nikasema Kilimanjaro. Akagonga muhuri.

Kule mpagazi habebi kichwani kwa ngata kama sisi. Anatumia namlo: mkanda mpana unaopita chini ya mzigo na kuja juu ya utosi, mbele kidogo, halafu anainama, na shingo, mgongo na miguu vinabeba kwa pamoja. Watu wengi hudhani mkanda unakaa kwenye paji la uso. Ukikaa pale shingo inakatika. Kwenye nyumba ya wageni njiani kuelekea Annapurna nilimwomba mpagazi mmoja, mtu mzima, mfupi, mashavu ya miguu kama kamba za meli, anionyeshe kwa begi langu. Aliligeuza, akalipapasa, akavuta mikanda ya mabega kuona mshono wa fundi wangu. Akaukubali kwa kichwa. Kisha akaachana na mikanda yote ile ya kisasa, akapitisha namlo chini, akalinyanyua na kutembea nalo ua mzima mikono mfukoni. Mimi nilipojaribu nilipiga hatua tano nikaomba nisaidiwe. Nikampa ngata yangu ya kanga, nikamwekea ndoo ya maji juu yake, alimwaga nusu. Ngoma droo.

Tuliongea sana kwa lugha ya mikono. Kwetu mizigo inapimwa getini na kikomo ni kilo 20 kwa mgumu. Nilipoandika 20 kwenye vumbi, aliandika namba yake pembeni. Sitaiandika hapa. Tangu Aprili 2023 Nepal nao wametangaza mgeni asitembee njia zile bila mwongozaji mwenye leseni, na wageni wengi tuliokutana nao walikuwa wananung'unika. Mimi na yule mzee hatukuona cha kunung'unikia.

Sasa mvua, maana hapo begi lilifanyiwa mtihani wa kweli. Kutoka Kathmandu nilipitia Kuala Lumpur mpaka Phnom Penh, nikafika Kambodia Mei, mvua ndizo zinaanza. Kule nilichukua viza ya daraja E, dola 35, kwa sababu ndiyo inayoongezeka muda ukitaka kukaa. Ile ya utalii inaongezwa mara moja basi. Begi lina kava lake la mvua, limekunjwa kwenye mfuko wa kitako. Mvua ya kawaida linaiweza. Mvua ya Kambodia, ukiwa nyuma ya pikipiki, haliiwezi, na sidhani kama kuna begi linaloiweza. Maji yaliingia upande wa mgongoni, ambako kava halifiki. Kilichookoa nguo ni ujanja wa mlimani: mfuko mkubwa wa nailoni ndani ya begi, kila kitu humo, umesokotwa mdomo. Na karatasi? Turubai la lori, jamani. Nilizitoa kavu kabisa, hata wino haujatawanyika. Fundi wa barazani kawashinda wenye maabara.

Nilikwenda Kampot, kusini, kwenye shamba la pilipili manga. Pilipili ya Kampot ina ulinzi wa jina kisheria tangu 2010, mtu wa nje ya eneo lililotajwa haruhusiwi kulitumia jina hilo, na nilipokuwa nachambua punje kwa mkono, nyeusi huku, nyekundu kule, zilizovunjika pembeni, niliwaza kahawa yetu ya Old Moshi inavyouzwa bila jina. Kazi ilikuwa nyepesi, wenyeji wakarimu, godoro jembamba. Sina zaidi la kusema kuhusu Kampot isipokuwa kwamba huko ndiko zipu ya juu ilikufa. Meno yalikuwa mazima, kilichochoka ni kile kichwa kinachokimbia. Fundi wa sokoni alikibana kwa koleo mara mbili, akakataa hela, nikamnunulia kahawa ya barafu. Mpaka leo inafunga. Kabla hujanunua zipu mpya, bana kichwa kwanza.

Siem Reap kila mgeni anakwenda kwa ajili ya Angkor, mahekalu ya kale. Mimi nilikwenda pia kuwaona panya. Msicheke. APOPO, wale wanaofundisha panya buku pale chuo cha SUA Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, wana kituo chao Siem Reap ambacho mgeni anaweza kutembelea. Panya Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia 2016, na 2020 akapewa medali ya dhahabu ya shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, kwa ushujaa. Alistaafu 2021 akiwa amegundua zaidi ya mabomu mia moja, akafa Januari 2022. Nilisimama pale na wageni, binti wa Kikambodia akieleza kwa Kiingereza kwamba panya hawa wanatoka Tanzania, nikashindwa kuvumilia, nikasema na mimi natoka huko. Watu waligeuka kunitazama mimi badala ya panya. Nimepiga picha nyingi, lakini ile naitunza.

Mji huo huo utaona na vituo vya watoto yatima vinavyokaribisha wageni waje kucheza na watoto. Usiende. Serikali ya huko pamoja na UNICEF walishaeleza kwamba watoto wengi kwenye vituo vile wana mzazi aliye hai, na mashirika ya huko yana kampeni tangu 2011 inayosema watoto si vivutio vya utalii. Sisi wa Moshi hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Tumewaona watoto wanaoimbishwa kila gari la wageni linaposimama. Nilialikwa kimoja, kwa upole kabisa. Nikauliza kama mimi, mwanaume nisiyefahamika, mwenye begi mgongoni, ningeruhusiwa kuingia bweni la shule ya binti yangu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mabaya ya begi, kwa kuwa mapitio bila mabaya ni tangazo. Ni zito, karibu kilo tatu likiwa tupu, na ndege za bei nafuu za Asia zinahesabu kila gramu. Mgongoni linachemsha, Tamil Nadu nilikuwa na shati lililolowa umbo la begi. Mifuko ya pembeni ni mifupi, chupa ya lita moja na nusu inachomoka ukiinama kufunga viatu. Na lita 65 zina tabia ya kujazwa: kila ninapofika mahali kuna mtu ananipa kitu, na begi halikatai. Mlimani tuna desturi ya kupima asubuhi. Nunueni kimizani cha kuning'iniza, mkishazidi kilo 14 gawa kitu.

Lipya la aina hii madukani mjini niliambiwa laki tatu na kuendelea. Mimi jumla, begi, fundi, turubai na kiroba, haikufika elfu themanini ile aliyoanza nayo dada. Kwa begi lenyewe natoa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa mfuko wa fundi, tano, na ningetoa ya sita kama ingekuwepo. Begi la magurudumu msijaribu, barabara ya shamba hailijui.

Mkienda Memorial nendeni asubuhi belo zinapofunguliwa, msivae viatu vya mlimani maana bei itawapanda miguuni, na mkiona begi la kijani lenye mkanda mmoja wa bega umeshonwa kwa uzi mwekundu, hilo liacheni. Ndilo lililokuwa jirani ya langu, na bado linanata.